Utafiti wa Historia ya Mombasa Maktabani: Anza na Tanbihi

Vijana wanaoniuliza waanzie wapi kuitafiti historia ya Mombasa huwashauri waingie maktabani na swali dogo. Anayetaka "historia ya Mvita" (jina la kale la Mombasa) yote atazongwa na vitabu, ilhali anayeuliza utawala wa Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, ulikomaje mwaka 1837 atajua ni rafu ipi ya kuiendea na ni sura zipi za kusoma.

Ukishapata kitabu, soma tanbihi zake (maelezo ya chini ya ukurasa) kwa makini kuliko hata matini, kwa kuwa ndizo zinazokuonyesha habari ilitoka kwa nani. Chukua mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840. Diwani yake ilihaririwa na William Hichens na kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940, lakini mashairi yenyewe yalikuwa yamekusanywa hapa Mombasa katika karne ya 19 na Mwalimu Sikujua pamoja na mmisionari W. E. Taylor, ambaye karatasi zake sasa zimehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London. Mtafiti anayenukuu ubeti wa Muyaka kama ushahidi wa vita au siasa za wakati ule hana budi kuzingatia mikono yote hiyo iliyoupitisha, na mimi humwamini zaidi yule anayelitaja jambo hilo waziwazi.

Tarehe nazo zinataka uangalifu. Mwaka 1253 wa Hijria ulianza Aprili 1837 ukaisha Machi 1838. Kwa hiyo hati inayotaja mwaka huo peke yake, bila mwezi, haitoshi kukuthibitishia kwamba tukio lilikuwa la 1837. Andika tarehe kama ulivyoikuta, kisha weka kando yake miaka yote miwili ya Miladi.

Unapotafuta katika katalogi, jaribu pia tahajia za zamani. Waingereza wa zama za Kapteni Owen, aliyeuweka mji chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1824, waliandika "Mombas".

Kumbukumbu nyingine utazifuata Nairobi au Zanzibar, kwani baada ya 1837 Mombasa ilitawaliwa na Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar. Kabla ya kulipa nauli, waandikie wahifadhi uwaulize kama jalada unalolihitaji lipo na kama linaruhusiwa kusomwa.