Bila bando inasomeka

Mwalimu, umeuliza kama kusoma kidijitali shuleni kunataka kila mtoto awe na bando la intaneti, hapana, siyo lazima, shule ya Pangani au kule Lushoto mlimani inaweza kutumia masomo ya kidijitali hata kama mtandao ni wa kubahatisha. Ipo programu ya bure inaitwa Kolibri, wameitengeneza Learning Equality wa Marekani, unaipakia kwenye kompyuta moja tu ya shule, hata kale kadogo ka Raspberry Pi kanaibeba, masomo unaingiza kwa flashi au eksteno (ile diski ya kuchomeka nje), halafu unawasha ruta watoto wanafungua kwenye vishikwambi au simu, na ruta yenyewe haina intaneti kabisa, inagawa kilichomo kwenye ile kompyuta basi. Siku mtandao ukikubali ndo unapandisha taarifa za wanafunzi. Mi nafunga hivi vitu mashuleni huku Tanga, inafanya kazi vizuri tu.

Ila umeme ndo mtihani, ukikatika na huna betri kipindi kimekufa. Video nazo zinakula nafasi mno, anzeni na PDF na mazoezi. Vitabu vya kiada TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) wanavyo kwenye Maktaba Mtandao yao, kusoma bure, ila kabla ya kuvipakia kwenye kompyuta ya shule waulizeni TET wenyewe, na angalieni toleo maana mtaala ulioboreshwa umeanza 2024 kwa awamu na vya zamani bado vimezagaa kila kona.