Je, ni dhambi kuhuzunika siku ya Krismasi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Naishi ughaibuni, mbali na wazazi na ndugu zangu, na Krismasi imekuwa siku ninayoiogopa. Mwaka jana nilijifungia chumbani, nikafuatilia kwenye simu Misa ya parokia yetu ya nyumbani, nikalia hadi usiku. Hapa nilipo kanisa lipo, ila lugha yao siielewi vizuri. Mama sikumpigia, kwa kuwa sikuwa na cha kumtumia. Rafiki yangu ananiambia kuhuzunika siku aliyozaliwa Bwana ni upungufu wa imani, tena ni dhambi. Ni kweli? Na mwaka huu tarehe 25 nimepangwa kazini kutwa. Nifanyeje?

JIBU: Milele amina, mwanangu.

Nianze na hilo la dhambi, maana naona ndilo linalokuumiza zaidi. Hakuna dhambi pasipo ridhaa ya moyo, na wewe hukuridhia uovu wowote kwa kuwalilia wazazi wako. Waisraeli walipokuwa uhamishoni Babeli waliketi kando ya mito wakalia, wakauliza, "Tuuimbeje wimbo wa BWANA katika nchi ya ugeni?" Kanisa halikuwakemea. Hiyo ni Zaburi ya 137, na tunaisali mpaka leo. Yesu mwenyewe alilia Lazaro alipokufa. Rafiki yako anakutakia mema, lakini hapo amekutwika mzigo ambao Mungu hakukutwika.

Wengi huwafariji walio mbali kwa kusema kwamba Yosefu na Maria nao walikuwa wageni Bethlehemu. Mimi faraja hiyo naitumia kwa uangalifu. Luka anasema Yosefu alikwenda kuandikwa huko kwa sababu alikuwa wa mbari ya Daudi, yaani ulikuwa mji wa wazee wake. Ugeni wao hasa ulikuwa Misri, walikokimbilia usiku wakakaa mpaka Herode alipokufa. Ila soma tena Luka sura ya 2, uangalie waliokuja kumwona mtoto. Hatajwi ndugu hata mmoja. Hata Elisabeti, ambaye Maria alikaa kwake miezi ipatayo mitatu, hatajwi. Waliofika ni wachungaji, watu ambao Injili haisemi popote kwamba Maria aliwajua, wametoka makondeni usiku ule ule na habari ya kustaajabisha. Naye aliyaweka maneno yao moyoni, akayatafakari.

Hilo nakuomba ulishike: wanaokuletea habari ya kuzaliwa kwa Bwana mwaka huu ni watu usiowajua, nao wako katika kanisa hilo unalolikwepa. Misa ya kwenye simu ni msaada mkubwa kwa mgonjwa na kwa asiyeweza kutoka. Kwa mwenye uwezo wa kufika kanisani haitoshi, kwani Mwili wa Kristo haupokelewi kwa simu.

Kuhusu lugha, masomo ya Misa ya usiku ni yale yale: Isaya sura ya 9, barua kwa Tito sura ya 2, na Luka sura ya 2. Yasome kwa lugha yako kabla hujatoka. Kisha wakati wa Kanuni ya Imani, tunapokiri kwamba Mwana wa Mungu alipata mwili kwa Bikira Maria akawa mwanadamu, wote hupiga magoti. Dominika nyingine tunainama tu. Piga magoti pamoja nao. Hapo utajua barabara wanakiri nini. Misa ikiisha usikimbilie mlangoni. Msalimie padre, mwambie jina lako, na usione haya kumwambia kwamba uko peke yako.

Suala la kazi ni jepesi. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inasema umetimiza wajibu ukihudhuria Misa siku yenyewe au jioni ya kuamkia sikukuu. Basi nenda tarehe 24 jioni. Na kama zamu itakubana pande zote mbili, huna hatia. Isome Injili na kusali ulipo, kisha uhudhurie Misa siku yoyote ya Oktava, yaani siku nane za sherehe ya Krismasi, ambayo huendelea mpaka tarehe 1 Januari.

Limebaki la mama, na hapa nakusihi kama mzazi. Amri ya nne inatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Haikutaja kiasi cha fedha. Najua wapo ndugu wanaompima aliye ughaibuni kwa anachotuma, na aibu hiyo imewanyamazisha watoto wengi wema. Lakini kimya chako mama anaweza kukielewa vibaya kuliko mkono mtupu. Mwambie ukweli kwamba mwaka huu hali haijakaa vizuri, umwulize afya yake, umwombe akubariki. Kama saa zenu zimepishana, piga mapema tarehe 24, kabla hujaenda kanisani.