SSD yako haijafa mkuu, usikimbilie kumfokea muuzaji

Mkuu umesema umenunua SSD (diski ya kuhifadhia isiyozunguka) ya NVMe, ile aina ya kasi, ya tera moja, boksi limeandika megabaiti 3,500 kwa sekunde, ukikopi inaanza 1,600 hivi halafu ghafla inaporomoka mpaka mia na ushei, sasa unataka kuirudisha Kariakoo. Subiri kwanza. Mimi nilishamfokea muuzaji mpaka watu wakajaa, kumbe tatizo laptopu yangu, hadi leo nikipita ule mtaa naangalia chini.

Hiyo 1,600 inanukia sloti ya leni mbili, leni ni njia za kupitisha data kati ya SSD na kompyuta. PCIe 3.0 (mfumo wa hizo njia) yenye leni nne kwa hesabu inafika kama megabaiti 3,900 kwa sekunde, bodi ikikupa leni mbili tu umebaki na nusu, hata ununue ya bei gani. Fungua programu ya CrystalDiskInfo, itakuonyesha inatumia leni ngapi na yenyewe inaweza ngapi.

Sasa huko kuporomoka ndo kwenyewe. SSD za bei ya kwetu nyingi ni TLC au QLC, yaani seli moja inabeba biti 3 au 4, na kuandika hivyo ni taratibu. Wajanja wa kiwandani wanachofanya, wanachukua seli zilizo tupu wanaziandikia biti moja moja fastafasta, hiyo ndo keshi, na namba ya kwenye boksi imepimwa hapo hapo. Ni kama konda anayetupia mizigo mlangoni gari liondoke, atapanga mbele ya safari, ila mlango ukijaa hana ujanja, lazima apange palepale na nyie mnasubiri.

Na ubaya, keshi nyingi zinategemea nafasi iliyobaki. Mimi nashuti harusi na send-off, yangu ni QLC, nilikuwa nimeijaza hadi imebaki kama 80GB, nikimwaga video za wikiendi hata 20GB haifiki ishaanza kutambaa kwenye 90, ambapo hata diski ya zamani ya kuzunguka inaipita. Nikahamisha harusi za mwaka juzi (maharusi wenyewe hawajazifuata mpaka leo), nikaacha robo tupu, ikawa inavuka 50GB bila kuchoka. Kwa hiyo kabla ya yote tuambie yako imejaa kiasi gani.

Joto nalo, hasa Januari na Februari, chumba changu Mbagala feni inapuliza hewa ya moto, SSD ikigonga nyuzi 80 ilikuwa inajipunguza yenyewe isiungue. Nikabandika kibati cha kupozea, basi.

Faili ndogondogo usizipimie kabisa, picha elfu kumi za 200KB haziwezi kwenda kama video moja kubwa, hata kwa SSD kali. Na kama unatoa kwenye fleshi ya USB 2.0, hiyo mwisho wake ni 40 hivi, SSD inakaa inaisubiri.

Risiti itunze lakini. Pakua H2testw, programu ya kupima kama ukubwa ni wa kweli, ijaze SSD yote usiku ukiwa umelala (umeme ukiwepo), asubuhi ukikuta hiyo tera moja ni ya kwenye stika tu, hapo niambie twende wote Kariakoo.