Ujumbe wa dharura ukichelewa kwenye CAN, anza kutazama ndani ya chipu

Kila anayejifunza CAN, mtandao wa waya unaounganisha vifaa vya kielektroniki kama vya ndani ya magari, hufundishwa mapema kwamba ujumbe wenye namba ndogo ya utambulisho hupita kwanza. Ni kweli, ila kanuni hiyo inatawala waya tu. Kabla ujumbe haujafika kwenye waya kuna foleni nyingine ndani ya mikrokontrola (chipu inayoendesha programu ya kifaa), nayo ina taratibu zake. Nikiombwa kuchunguza ujumbe wa dharura unaochelewa, naanzia huko.

Kwenye waya, biti ya 0 huishinda biti ya 1. Vifaa viwili vikianza kutuma kwa pamoja, kila kimoja husoma waya huku kikituma. Kilichotuma 1 kikaona 0 hunyamaza, na ujumbe wa mwenzake huendelea bila kuharibika. Kwa hiyo namba 0x080 (0x huashiria heksadesimali) itaishinda 0x300 kila mara. Kitu pekee ambacho 0x080 haiwezi kufanya ni kukatiza fremu, yaani ujumbe mmoja kamili kwenye waya, iliyokwisha kuanza. Kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde, fremu ya kawaida yenye baiti 8 huchukua takriban maikrosekunde 270 ikiwa ndefu kabisa. Ujumbe wako ukichelewa milisekunde nyingi, usihangaike kubadilisha namba.

Chukua bodi ya betri ya bajaji ya umeme inayotumia mikrokontrola ya STM32F103. Chipu hiyo ina visanduku vitatu tu vya kutuma ujumbe. Bodi inatuma joto na volti za seli kwa namba kubwa, na laini imejaa fremu za kidhibiti cha mota zenye namba ndogo zaidi. Fremu tatu za joto zinakaa visandukuni, zikishindwa kila zinapojaribu kutoka. Hapo programu inataka kutuma 0x080, amri ya kukata umeme, na haina pa kuiweka. Amri inasubiri kwenye kumbukumbu, nyuma ya taarifa ya joto, na waya haujui hata kama ipo. Katika mfumo unaobeba watu, hili si jambo la kuachia bahati.

Dawa ninayoipendelea ni kutowahi kuvijaza visanduku vyote kwa ujumbe wa kawaida. Kabla ya kutuma joto, ita HAL_CAN_GetTxMailboxesFreeLevel, kazi ya maktaba ya STM32 inayosema visanduku vingapi viko wazi. Kama havijabaki angalau viwili, ngoja. Unaweza pia kufuta fremu inayosubiri kwa HAL_CAN_AbortTxRequest, lakini fremu iliyokwisha kuanza kutoka itamaliza safari yake. Ukiirudisha kwenye foleni bila kukagua matokeo, itatumwa mara mbili.

Halafu kuna biti ya TXFP ya STM32, inayoamua kisanduku kipi kitangulie. Ikiwa 0, chipu huchagua kwa namba ya utambulisho. Ikiwa 1, hufuata mpangilio wa maombi. Kwenye bodi za udhibiti naiacha 0. Hatari yake huonekana unapotuma data ndefu iliyokatwa vipande vyenye namba moja, mfano programu mpya ya kifaa: namba zikilingana, hutangulia kisanduku chenye nambari ndogo, hata kama kipande chake kiliwekwa baadaye. Vipande hufika vimepinduka. Mimi huweka kipande kimoja kwa wakati, cha pili kikisubiri cha kwanza kitoke.

Wanaotumia MCP2515, chipu ya nje inayosimamia CAN, wawe waangalifu zaidi. Kila kisanduku chake kina biti mbili za TXP za kukipa kipaumbele, ngazi 0 hadi 3, na 3 ndiyo ya juu. Ngazi hizo hupanga visanduku vya chipu hiyo tu. Vifaa vingine havizioni kabisa. Zikilingana, hutangulia kisanduku chenye nambari kubwa, kinyume cha STM32. Msimbo uliohamishwa kutoka chipu moja kwenda nyingine unaweza kugeuza mpangilio wote bila kutoa kosa lolote.

Pima kabla ya kuamini. Tumia kifaa cha pili kujaza laini kwa 0x100 mfululizo, inua pini moja ya mikrokontrola programu inapoomba 0x080, kisha utazame kwenye osiloskopu pini hiyo pamoja na waya. Pengo likizidi fremu moja au mbili, ujumbe umekwama ndani ya chipu.