N.W.A walivunjwa na hela, bifu lilikuja baadaye

Mnaosema bifu la Ice Cube na Eazy-E, marapa wawili wa N.W.A, ndilo lililovunja kundi hilo la rap la Marekani, mmeanzia mwisho. Chanzo ni hela. Cube ndiye aliyeandika “Boyz-n-the-Hood” iliyomtoa Eazy mwaka 1987, na mashairi mengi ya albamu yao “Straight Outta Compton” (1988) ni kalamu yake. Albamu ikauza sana, na FBI wakaiandikia barua kampuni iliyokuwa ikisambaza kazi zao, wakilalamikia wimbo wao dhidi ya polisi. Kisha Cube akawekewa mezani mkataba na hundi ya dola 75,000, asaini kwanza ndipo achukue. Akagoma, akataka mwanasheria wake ausome. Kwangu hapo ndipo kundi lilipokufa, maana mwandishi wao aliondoka mwishoni mwa 1989.

Ndiyo, waliobaki walishika namba moja kwa albamu Marekani mwaka 1991. Lakini Dr. Dre, prodyuza wao, naye akatoka kwa kilio kilekile cha malipo, akaanzisha lebo ya Death Row na Suge Knight. Eazy akafariki Machi 1995 kwa UKIMWI. Inaniuma mno, kwa sababu Cube amesimulia kwamba yeye na Eazy walikuwa wameshapatana.