Sema "pole", usiseme "tutalipa": bima kwa wanaoigiza historia

Mara ya kwanza tulipoigiza yale ya Machi 16, 1922, umati ulipokwenda kituo cha polisi Nairobi kudai Harry Thuku, mpigania haki za Waafrika, aachiliwe na polisi wakaufyatulia risasi, hatukuwa na bima yoyote. Tulikuwa na marungu ya sponji, kofia za askari tulizoshonesha soko la Gikomba, na akina dada watano waliogombania kuwa Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyeuchochea umati ule usirudi nyuma. Askari wetu mmoja alirudi kinyumenyume, jinsi alivyofunzwa, akamgonga mama chai aliyekuwa amesogea kutazama. Thamosi ikaanguka, chai ya moto ikamchoma mguu. Mwenyekiti wetu, mtu mwema kweli, akatangaza mbele ya watu wote: "Mama usijali, tutalipa kila kitu." Tukalipa kweli: matibabu, siku alizokosa kuuza, thamosi mpya. Mchango ulitembea kwenye grupu ya WhatsApp miezi miwili, na kuna wawili ambao hadi leo hawasalimiani.

Nyinyi mnaojiunga sasa mmekuta kikundi kina bima ya dhima kwa umma. Lakini mwaka ujao mmoja wenu ndiye atakayetumwa kuinunua, kwa hivyo sikilizeni.

Bima hii hulipa mtu wa nje mliyemdhuru kwa uzembe wenu: mtazamaji, mpita njia, mwenye gari lililokwaruzwa na mkuki. Wewe mwanachama ukiteguka kifundo cha mguu, haikuhusu. Hiyo ni bima ya ajali za kibinafsi, inanunuliwa kando. Na mkiwalipa vijana posho waje wajaze umati, mnaweza kuhesabiwa kuwa waajiri, na ile sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini ikawafuata.

Sasa fomu. Pale panapouliza mnafanya nini, mwaka ule wa pili tuliandika "maigizo ya kitamaduni". Broka wetu, mzee mmoja asiyecheka ovyo, akavua miwani. "Kuna moto?" Kuna mienge. "Kuna mlio?" Tunapasua fataki mbili. "Bunduki?" Za mbao. "Watazamaji wanasimama wapi?" Hapo tukatazamana, maana walikuwa wanasimama popote. Akaturudisha nyumbani na karatasi tupu. Fomu ikificha moto, kampuni ina sababu ya kukataa dai siku moto utakapomuunguza mtu, na ada mliyolipa imekwenda na maji. Siku hizi tunaambatisha ukurasa mmoja: idadi ya waigizaji na watazamaji tunaowatarajia, kila kitu chenye ncha au mwali, na kamba ya kuwazuia watazamaji iko hatua ngapi kutoka kwa pambano. Ile kamba, kwa maoni yangu, ina faida kuliko nusu ya masharti yaliyochapishwa kwenye mkataba.

Kuhusu bunduki, neno moja. Wapiganaji wa Mau Mau walijitengenezea zao kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango, na kila mwaka hutokea kijana mwenye bidii anayetaka kuunda moja "ya ukweli". Hapana! Yetu ni mbao tupu, haina bomba, haina tundu. Bunduki inayoweza kufyatua ni kesi ya jinai, na hakuna bima itakayokutoa huko. Mkiwa mnapita barabarani au mnakutana mahali pa umma, OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, apate notisi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya tukio. Mbebe nakala, askari wa doria asije akadhani ni uvamizi.

Mwenye uwanja naye atataka jina lake liingizwe kwenye bima yenu. Mwambieni broka mapema, si asubuhi ya tukio. Angalieni pia kiwango mtakachojilipia wenyewe katika kila dai kabla kampuni haijatoa chake, kwa sababu ubaya wa bima rahisi mara nyingi hujificha hapo.

Malipo hayana mengi. Hakikisheni kampuni na broka wamo kwenye orodha ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, na pesa iende kwa paybill ya kampuni, si kwa namba ya simu ya mtu. Mkiona nyongeza ndogo juu ya ada msishtuke: ada ikiwa, tuseme, shilingi 20,000, kuna 40 za mafunzo (asilimia 0.2), 50 za mfuko wa fidia kwa wenye bima (asilimia 0.25) na 40 za stempu. Kabla hamjalipa, hamna kinga. Sheria yetu haijui bima ya mkopo.

Narudi kwa mwenyekiti wetu. Leo maneno yake yangetuponza, kwa maana mikataba hii hukataza kukiri kosa au kuahidi malipo kabla kampuni haijakubali. Basi tumekubaliana hivi. Mtu akiumia, simamisheni igizo, mpeni huduma ya kwanza, mwambieni pole, tena pole ya dhati. Pole si kukiri. Pigeni picha za mahali, chukueni namba za mashahidi wawili, mpigieni broka siku hiyohiyo. Karatasi zote zitunzwe, kwa kuwa aliyeumia ana miaka 3 ya kwenda kortini.

Mama chai bado huja kututazama. Tumempa kiti, nyuma ya kamba.