Kabla Hujabeba Sururu Kwenda Kutengeneza Njia ya Mlimani

Hivi karibuni msomaji mmoja wa Arusha aliniandikia akitaka kujua aanzie wapi ili naye ajitolee kukarabati njia za wapanda milima, kama kikundi chetu kinavyofanya katika milima ya Uluguru, hapa Morogoro. Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili, lakini jibu likanitoka refu, tena lenye uchungu kidogo ndani yake, kwa hiyo naliweka hapa ili na wengine mlisome.

Anza kwa kuyafuata maji. Wengi wanaojitolea hufika na mapanga na mafyekeo wakidhani kazi ni kufyeka, na majani yakishalala chini hupiga picha, wakashuka kwenda kula chipsi. Nyasi haziui njia. Kinachoiua ni maji ya masika yanayoikuta imebonyea katikati, yakaitumia kama mfereji wao. Njia ikishakuwa korongo, mpandaji hukanyaga pembeni, na pembeni nako kukachimbika. Ndiyo maana sisi hupanda wakati mvua inanyesha, bila jembe, ili tuone tu maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi.

Katika kona moja kali ya njia iendayo Morningside, lile jengo la zama za Wajerumani, tulilaza gogo gumu la mti ulioanguka wenyewe. Gogo halilazwi kukingama moja kwa moja, kwa sababu maji yatatuama nyuma yake na kufanya tope. Hulazwa mshazari, likazikwa hadi zaidi ya nusu ya unene wake, na ncha ya upande wa bondeni ikapita ukingo wa njia. Hapo kwenye ncha huchimbwa mdomo mpana na kupangwa mawe, ili maji yanayotoka yasichimbe ardhi. Kisha tukamwaga ndoo ya maji juu ya kona, tukatazama. Maji yalifika kwenye gogo, yakazubaa kidogo, yakageuka kuelekea bondeni. Sijui kama kuna furaha inayoifikia ile, na nasema hivyo nikiwa mtu mwenye watoto.

Hata hivyo bondeni kuna shamba la mtu. Bibi mmoja mwenye migomba chini ya kona ile alitusimamia akiwa ameshika kiuno, akasema, "Wajukuu zangu, mkiyaleta maji kwangu, mtakuja kuyachukua wenyewe." Tukalisogeza gogo hatua kadhaa juu, penye miamba. Anayetaka kufanya kazi hii Uluguru akumbuke kwamba mwaka 1955 Waluguru walisimama kupinga matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuchimba na serikali ya kikoloni, na kwamba mgeni anayekuja na jembe kuwafundisha wenyeji namna ya kuchimba mlima wao hawezi kutarajia kushangiliwa. Piga hodi kwanza. Mueleze mwenye shamba, muone mwenyekiti wa mtaa, uketi unywe uji unaopewa.

Sasa lile la uchungu. Baada ya sisi kumaliza kujenga ngazi za mawe katika sehemu nyingine ya njia, kampuni moja ya utalii ilisambaza picha za wageni wake wakizipanda, ikieleza kwamba imewekeza katika kuboresha njia. Tuliwaandikia kwa adabu, wakanyamaza. Mawe yale tuliyabeba mabegani, na hadi leo nikipita pale nayatambua moja moja, hata lile lililoniponda kidole. Nakiri kwamba bado limenikaa rohoni. Lakini wanaopita pale kila alfajiri ni akina mama wanaoshusha mboga sokoni wakiwa na mizigo kichwani, na hao hawajali ngazi ni ya nani mradi haitelezi. Kijana unayetaka kujitolea, kama unahitaji kutajwa jina, tafuta kazi nyingine, kwani mlima hautoi vyeti. Na ukishalaza gogo, rudi baada ya kila mvua kubwa kuzibua mdomo wake, maana ukijaa udongo maji yatalipanda gogo na kazi yote itakuwa bure. Rudi hata kama mwenzako harudi. Sichoki kulisema hili: rudi.

Kwa ndugu yangu wa Arusha, kuna jambo moja la kwenu. Njia za kupanda Meru zimo ndani ya hifadhi ya taifa, na wapandaji husindikizwa na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, kwa hiyo usithubutu kuingia na sururu bila kibali. Hata huku kwetu, ambako msitu wa Uluguru ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, hatugusi kitu ndani ya mpaka kabla ya kuzungumza na wahifadhi. Anza na njia za vijijini zilizo nje ya hifadhi, zile zinazopita kati ya mashamba ya kahawa na migomba. Nazo zinachimbika vilevile, na mwenye ruhusa anapatikana nyumba ya pili.